Sketi ya Fahari kwa Masazo ya Nguo

Nyinyi mabinti mtazamao picha za mitindo mkatamani kuvaa kama zile, mwezi huu twapenda kuwaonyesha kwamba uzuri wa sketi u katika mkato wake, wala si katika bei yake. Hapana haja ya baba kuingia deni kwa ajili ya vazi la Idi.

Tarehe 12 Februari 1947, Christian Dior alionyesha mjini Paris mavazi yake ya kwanza. Sketi zake zilikuwa ndefu, nyembamba kiunoni na pana mno chini, zenye kula yadi nyingi za kitambaa. Wengi walizistaajabia, na wengine walikasirika, kwa kuwa vita vilikuwa vimekwisha miaka 2 tu nyuma, na huko Uingereza nguo ziligawiwa kwa kipimo tangu 1941 hata 1949. Hata hivyo, umbo lile likitolewa israfu yake latufaa, maana ni refu na lenye nafasi. Kiuno tu tusikibane.

Umbo hilo lapatikana kwa kuunga vipande vyembamba, na masazo ndiyo hasa yafaayo. Kwa kiuno cha sentimita 72, kata mapande 8, kila moja sentimita 12 juu, 33 chini, na 97 kwa urefu. Humo mna sentimita moja na nusu ya mshono kila ukingo, na 5 za pindo. Yakisha kuungwa, mzunguko wa chini hutimia sentimita 240.

Nguo ya pamba ifuliwe kwanza, isije ikapungua baadaye. Mapande mawili yakilazwa kichwa kwa mguu, hutoka katika kitambaa cha upana wa sentimita 45. Lakini nguo yenye maua yaliyosimama isikatwe hivyo, maana mengine yatapinduka. Rangi mbili zikipishana, mtazamaji huona zimekusudiwa.

Shikiza kwa bandi, kisha shona, sindano ikirudi nyuma kidogo kila mara kabla ya kwenda mbele. Mshono huo ni imara. Acha wazi sentimita 18 ubavuni kwa vifungo, kisha tia mshipi wa kiuno. Sketi itundikwe usiku mmoja kabla ya kupinda pindo, kwa kuwa kitambaa kilichokatwa mshazari hushuka kwa uzito wake.

Lakini liko jambo kubwa kuliko vipimo hivi. Masazo haya ni ya nani? Kitambaa kilichopelekwa kwa fundi ni amana, na kilichobaki ni cha mwenyewe, hata kikiwa kidogo, mpaka atoe ruhusa. Basi binti na aombe kwanza. Neno moja la kuomba ni jepesi kuliko kuvaa haki ya mtu siku ya Idi.

Wala mtu asione haya kushika sindano. Imepokewa kwa Bibi Aisha (r.a.) kwamba Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akishona nguo yake mwenyewe na kutengeneza viatu vyake. Na Qurani, katika Sura ya Al-Aaraf, yatuamrisha tujipambe tuendapo kusali, na papo hapo yatukataza israfu. Sketi ya masazo yaliyopatikana kwa halali yakusanya yote mawili.