Barua ya Kuacha Kazi Si Mtaji

“Mshauri, nikiandika barua ya kuacha kazi mwezi huu, mafao yangu yatatoka lini niyafanye mtaji?” Mhasibu anayetaka kupiga picha ananiuliza hivyo, na muuguzi anayetaka kuoka keki, na mwalimu anayetaka kulima parachichi Njombe. Nimeulizwa ofisini, kwenye simu, hata msibani. Leo nalijibu kwa maandishi, maana swali hili limekosewa tangu mwanzo, na wanaoliuliza ni watu wazima wenye watoto shuleni.

Sheria ya Tanzania haina maneno mengi hapa. Tangu mageuzi ya mifuko ya hifadhi ya jamii ya mwaka 2018, fao la kujitoa tulilolizoea liliondolewa, likaja fao la kukosa ajira. Fao hilo ni la aliyepoteza kazi. Aliyeacha kwa hiari yake halimhusu. Michango yake haipotei, lakini pensheni inadai michango ya miezi 180 na umri wa miaka 55 kwa hiari au 60 kwa lazima. Kiinua mgongo nacho, kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10, na hulipwa pale mwajiri anapokuachisha yeye. Ukiacha mwenyewe unaondoka na mshahara wa siku ulizofanya kazi, malipo ya likizo uliyokuwa bado hujachukua, na cheti cha utumishi. Kwa watu wengi fedha hiyo haifiki hata kodi ya miezi sita ya fremu.

Hapo muulizaji hunyamaza kidogo, kisha huja na hoja ambayo ndiyo hasa imenifanya nishike kalamu: “Lakini mshauri, bila kuchoma meli mtu hafanikiwi.”

Maneno hayo ameyatoa kwenye makongamano ya uhamasishaji. Mzungumzaji hupanda jukwaani na kisa cha Tariq ibn Ziyad, aliyevuka bahari kuingia Hispania mwaka 711 na, kwa mujibu wa kisa, akachoma meli ili askari wake wasiwe na pa kurudi. Au huja na Hernán Cortés, aliyetua Mexico mwaka 1519, naye husemwa alichoma meli zake. Kisha ukumbi mzima huambiwa kwamba mshahara ndio meli, na anayeung’ang’ania ni mwoga.

Visa vyenyewe havisemi hivyo. Habari ya Tariq kuchoma meli tunaisoma kwa al-Idrisi, mwanajiografia wa karne ya 12, zaidi ya miaka 400 baada ya tukio, na wanahistoria wengi wanaitilia shaka. Ya Cortés ina ushahidi, na ushahidi huo unampinga mhamasishaji. Cortés hakuchoma meli. Alizizamisha na kuzikwamisha pwani, baada ya kugundua kwamba baadhi ya watu wake walipanga kutoroka kurudi Cuba. Kabla ya hapo matanga, kamba na vyuma vilishushwa vikatunzwa, na mabaharia wakaingizwa jeshini. Vifaa hivyohivyo vilikuja kubebwa hadi bara na kutumika kuunda mashua 13 zilizouzingira mji wa Tenochtitlan mwaka 1521. Huyo alikuwa mvamizi aliyeangamiza watu, wala sioni kwa nini tumfanye mwalimu wetu wa maisha. Lakini hata yeye hakutupa akiba baharini.

Mwenye kutaka utafiti, upo. Mwaka 2014 Joseph Raffiee na Jie Feng walichapisha uchambuzi wa takwimu za Wamarekani waliofuatiliwa kwa miaka mingi. Walioanza biashara huku wakiwa bado kazini, wakaiacha kazi baadaye, walikuwa na uwezekano wa kushindwa mdogo kwa takriban theluthi moja kuliko wa walioacha kwanza.

Na kwetu? Mwandishi Shaaban Robert aliingia idara ya forodha mwaka 1926 na akabaki mtumishi wa serikali ya kikoloni kwa zaidi ya miaka 30; kitabu chake Kusadikika kilipotoka mwaka 1951 alikuwa bado karani. Abdulrazak Gurnah aliandika riwaya zake nyingi huku akifundisha Chuo Kikuu cha Kent, na Nobel ya mwaka 2021 ilimkuta mstaafu. M.G. Vassanji, mtoto wa Dar es Salaam aliyezaliwa Nairobi, alikuwa mwanafizikia wa nyuklia. Alianza kuandika akiwa mtafiti Toronto, akaiacha fizikia mwaka 1989, mwaka ambao riwaya yake ya kwanza, The Gunny Sack, ilichapishwa. Kitabu kilitangulia, kuacha kazi kukafuata.

Wahamasishaji hawasemi pia kwamba njaa hubadilisha kazi yenyewe. Mtu anayejifunza jambo kwa mapenzi anahitaji nafasi ya kukosea, kuharibu na kurudia. Mpiga picha aliyetaka kurekodi maisha ya wavuvi wa Kilwa, kodi ya nyumba ikimbana, atapokea kila harusi na kila kipaimara kwa bei ya kutupa, na baada ya mwaka kamera atakuwa anaichukia. Mshahara alioudharau ndio ungemlipia makosa yake.

Wapo wanaopaswa kuondoka mara moja, hasa ambao kazi inawaua kiafya. Wengine, fanyeni hivi. Uza kwanza kwa watu wasio ndugu wala rafiki zako. Soma mkataba wako kuhusu kazi za nje na wajibu wa kutangaza maslahi. Omba likizo bila malipo ujaribu. Weka akiba ya matumizi ya nyumbani ya miezi 6 au zaidi, mbali na mtaji. Maliza mkopo wa mshahara, na usichukue mwingine ukijua unaondoka. Deni la Bodi ya Mikopo ya wanafunzi litakufuata. Jua bima ya afya ya familia itakoma lini na utaweka nini mahali pake. Ongea na mwenzako wa ndoa kabla ya kuongea na bosi. Toa notisi kwa maandishi, siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, kisha endelea kuchangia mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF kama mwanachama aliyejiajiri.

Ukija kuniona, njoo na mkataba wako wa kazi, taarifa ya michango yako na hesabu ya mauzo ya angalau miezi mitatu ya hicho unachokipenda. Kama hesabu hiyo huna, barua isubiri.