MZEE WA KIEMBENI NA PIKIPIKI YAKE

Mtu akitoka kisiwani Mombasa akavuka daraja la Nyali, akaifuata njia kuu iendayo Malindi, atafika Bamburi penye kiwanda cha saruji kilichoanza kazi mwaka 1954. Upande wa bara wa njia ile ndiko Kiembeni. Jina lenyewe lamtaja mwembe, na wazee wa pale wakumbuka minazi na mikorosho iliyokuwa ikifuatana hadi Utange. Siku hizi ni mji wa nyumba za mawe, maduka na shule, na pikipiki zimejaa njiani kama kunguru wa Mombasa. Asubuhi zote zalia pamoja, na mgeni hawezi kuzipambanua sauti zake.

Wenyeji lakini waijua moja. Hiyo hailii kama nyingine. Yalia kama mtu apigaye kibao haraka kwa kijiti, na nyuma yake huacha moshi mwembamba wa buluu wenye harufu ya oili. Watoto wakiisikia husema, "Babu apita." Basi mimi niliifuata sauti ile mpaka mlangoni pa mwenyewe, nikabisha hodi.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba mwanangu. Karibu, starehe. Lakini usikikalie kibao hicho, kina bolti zangu."

Aliniomba nisilitie jina lake gazetini, kwa kuwa, asema, watu watamletea pikipiki mbovu kutoka pande zote, naye hana nafasi. Umri wake umepita miaka 70. Ana ndevu nyeupe, shuka ya kiunoni, na mikono ambayo kucha zake hazikupata kuwa safi tangu ujana. Goti lake la kulia halikunjiki sawasawa, na habari ya goti hilo tutaifikia.

Pikipiki yake ni BSA Bantam. Aliinunua mwaka 1969, haikuwa mpya hata siku hiyo, kwa karani mmoja wa mjini aliyekuwa akitaka kununua gari. Yeye alikuwa tarishi wa ofisi, na fedha alikuwa ameiweka kidogo kidogo muda wa miaka miwili. Nduguze walikasirika, maana walidhani fedha ile ni ya mahari. Mahari ilichelewa mwaka mzima. Marehemu mkewe alipoingia nyumbani aliikuta pikipiki imelazwa sebuleni ili isipate umande, na toka siku ile mpaka alipofariki aliiita "mke mwenzangu".

Wasomaji wengi huenda hawakupata kuiona Bantam, basi yafaa niseme asili yake. Ilianza kutengenezwa Birmingham, Uingereza, mwaka 1948, lakini mfano wake haukuwa wa Kiingereza. Kabla ya Vita Kuu ya pili Wajerumani walikuwa na pikipiki nyepesi iitwayo DKW RT 125. Walipokwisha kushindwa, michoro yake ilichukuliwa na washindi, na kila mmoja akaunda ya kwake. Waingereza waliunda Bantam. Wamarekani na Warusi nao waliunda zao. Hata Wajapani waliufuata mfano huo huo, na pikipiki ya kwanza kabisa ya Yamaha, ya mwaka 1955, ni ya ukoo huu. Mzee hufurahi sana kulisema jambo hili. Vijana wamchekapo kwa ajili ya chuma chake cha kale, yeye huwajibu kwamba Yamaha zao ni wajukuu, nao wamwamkie.

Injini yake ni ndogo, ya sentimeta za ujazo 123, na gia zake ni tatu tu. Haina vali kama injini nyingi za leo, wala haina mahali mbali pa kutilia oili. Oili huchanganywa na petroli humo humo tangini. Hapo ndipo penye ujanja wake na hatari yake. Oili ikizidi, plagi huchafuka na injini hukohoa. Oili ikipungua, pistoni hupata moto, ikavimba, ikakwama ndani ya silinda, na gurudumu la nyuma likasimama ghafula. Jambo hilo lilimpata Mzee katika miaka ya sabini akirudi kutoka Kilifi. Wakati huo daraja la Kilifi halikuwapo, lilifunguliwa mwaka 1991, na watu walivuka kwa feri. Alikuwa ameongeza petroli kule ng'ambo kwa haraka ili asiikose feri, akasahau oili. Injini ilikwama njiani, akaanguka katika majani, kisha akaisukuma Bantam yake hata usiku. Tangu siku hiyo ana kikopo cha bati kilichotiwa alama kwa msumari, na petroli haiingii tangini kabla ya kikopo kile kumiminwa.

Viwanda vya Uingereza viliacha kuunda Bantam mwaka 1971, na pole pole vipuri vikaadimika mjini. Mtu mwingine angaliiuza kwa mwenye vyuma vikuukuu. Huyu wetu alianza kuvitengeneza mwenyewe, na hapo ndipo mapenzi yake yalipozidi. Alinionyesha kazi zake moja moja kama mtu aonyeshaye picha za watoto wake.

Kiti cha asili kilichanika zamani. Cha sasa amekishona kwa ngozi na kukijaza usumba wa nazi uliochambuliwa vema, naye aapa kwamba usumba hauhifadhi joto kama sponji. Nyuma ameongeza kiti cha pili na kichanja cha nondo alizoziokota penye ujenzi, akazikunja kwa moto na kuzichomelea. Hicho huchukua madafu, magunia ya chakula cha kuku, na zamani kilichukua watoto kwenda shule. Kwa kuwa taa ya Bantam hupata nguvu zake katika mzunguko wa injini, ikawa hufifia kila mwendo upunguapo, ameweka betri ndogo chini ya kiti ili taa ya nyuma isizimike. Ameongeza vioo viwili vya kutazamia nyuma, kimoja cha duara na kimoja cha pembe, havifanani hata kidogo. Rangi ameiacha kama ilivyokuwa, kijani hafifu, na kila baada ya miaka michache huipiga msasa na kuipaka upya.

Adui yake mkubwa ni hewa ya bahari. Wenye vyombo vya chuma katika pwani yetu wajua jinsi chumvi inavyokula bila ya kupiga kelele. Njiti za magurudumu huanza kwa doa jekundu dogo, na mwaka ukipita zakatika mkononi kama vijiti. Mzee huzipangusa kwa kitambaa chenye oili kila Ijumaa, na wakati wa masika hufanya hivyo kila siku mbili. Nilimwuliza kama mafuta ya nazi yangefaa, maana ni rahisi kupatikana. Alinitazama kwa huruma. "Mafuta ya nazi ni ya nywele, mwanangu. Kwenye cheni yataganda, yakashika mchanga, na mchanga ndio tupa."

Huenda msomaji akadhani kwamba haya ni mazoea ya mtu mmoja aliyekosa kazi. Sivyo. Katika nchi ya New Zealand palikuwa na mtu jina lake Burt Munro, aliyezaliwa mwaka 1899. Alinunua pikipiki ya Kimarekani iitwayo Indian Scout mwaka 1920, ambayo mwendo wake haukufika kilometa 90 kwa saa. Muda wa miaka zaidi ya arobaini aliichonga na kuibadili kwa mikono yake katika kibanda, hata pistoni aliziyeyusha na kuzimimina katika mikebe ya kale. Mwaka 1967, akiwa na miaka 68, alikwenda nayo Marekani katika uwanda wa chumvi wa Bonneville, akaipeleka zaidi ya kilometa 290 kwa saa. Nilipomsimulia Mzee habari hiyo aliuliza jambo moja tu: je, chumvi ile haikuziharibu njiti zake?

Yeye mwenyewe hakupenda mbio, isipokuwa mwaka mmoja. Mwaka 1972 alikuwa kijana, naye aliona katika magazeti picha za vijana wa Ulaya na Marekani walioziondolea pikipiki zao kila kitu ili ziwe nyepesi na za kupendeza. Akaondoa madigadi ya mbele, akaondoa taa ya nyuma, akakata bomba la moshi. Wiki tatu alikuwa maarufu. Wiki ya nne, usiku, mwenye lori hakumwona kwa nyuma. Yeye akajitupa pembeni, akaligonga gurudumu la mkokoteni uliokuwa umeegeshwa, na goti likavunjika. Alilala hospitali miezi miwili. Alipotoka, kazi ya kwanza aliyoifanya, akiwa bado na mikongojo, ilikuwa kuirudisha taa.

Nimeyaeleza haya kwa sababu ya mjukuu wake. Tangu mwaka 2008, serikali ya Kenya ilipoondoa kodi ya thamani katika pikipiki ndogo, kazi ya bodaboda, ambayo asili yake ilikuwa baiskeli za mpakani Busia, imekuwa riziki ya vijana wengi. Kiembeni ni hivyo hivyo. Kijana hupewa pikipiki kwa mkopo, hulipa kila siku, na siku asiyolipa huchukuliwa. Kwa hiyo huiendesha mchana na usiku, oili haibadilishwi, cheni hulegea, na deni liishapo pikipiki nayo imekwisha. Sisemi ni uvivu. Mtu mwenye deni la kila siku hana siku ya kukaa mkekani na spana. Hata hivyo viko vitu vifanywavyo ambavyo havina udhuru. Kiti hurefushwa ili wakae abiria watatu, na hali sheria yataka mmoja tu. Kizuia sauti hung'olewa. Kofia ngumu hutundikwa penye usukani kama kibuyu. Mzee hachukii mapambo yao. Miavuli, vikinga matope vyenye maneno, taa za rangi, vyuma vya kulinda miguu, vyote huvisifu. "Wakiongeza, nafurahi," asema. "Wakiondoa, huuliza: hiki kiliwekwa kwa nini?"

Mjukuu ana miaka 20. Alimaliza shule, akakaa nyumbani mwaka mzima bila kazi, kisha akatangaza kwamba atachukua pikipiki ya mkopo. Mama yake, ambaye ni binti wa Mzee, alikataa kabisa. Kijana wa jirani alikuwa amefariki katika njia kuu miezi michache kabla, na matanga yake yalifanywa mlango wa tatu kutoka kwao. Akamwambia baba yake, mbele ya watu, kwamba ugonjwa huu mtoto ameurithi kwake. Mzee hakumjibu. Naamini neno lile lilimchoma, kwa kuwa aliponisimulia alikuwa akifuta bolti ambayo ilikuwa safi tayari.

Baada ya siku kadhaa alimwita kijana, akatandika mkeka uani, akamwambia: "Ifungue yote, mpaka bolti ya mwisho. Kisha ifunge. Ikiwaka, nitasema na mama yako."

Kazi ile ilichukua wiki mbili. Kijana hakuwa mjinga. Pikipiki za kisasa alikuwa amezipanda za rafiki zake, bali ndani ya injini hakuwa amepata kuona. Alijifunza kwa nini pete za pistoni hazina budi kukaa mahali pake, na jinsi kabureta izibwapo na chembe moja ya kutu. Siku ya kumi aliifunga injini akasimama kwa fahari. Juu ya mkeka ilikuwa imebaki washa moja, si kubwa kuliko senti. Mzee aliiona, akanyamaza, akaagiza chai. Chai ilinywewa yote. Ndipo kijana alipotazama chini, akaiona, akaketi tena bila kuambiwa akaanza kufungua.

Bantam iliwaka siku ya kumi na nne. Mama mtu alitoka jikoni, akasimama mlangoni, akasikiliza, akarudi ndani. Mapatano yao, kwa sasa, ni haya: kijana apate leseni kwanza, akae gereji miezi sita chini ya fundi, na habari ya mkopo izungumzwe baadaye. Mama hajasema ndiyo. Amesema, "Tutaona."

Liko jambo jingine ambalo Mzee hakulitangaza. Bantam huwashwa kwa kukanyaga mkono wa chuma kwa mguu wa kulia, na goti lake halina tena nguvu ya kufanya hivyo. Aliurefusha mkono ule kwa kuuchomelea kipande, ili upate kuwa mwepesi, na ukamsaidia miaka mitano. Mwaka huu hata huo umemshinda. Kwa hiyo kila Jumapili alfajiri mjukuu huja kuwasha, na kwa kuwa ndiye awashaye, imekuwa ndiye aendeshaye.

Nilikuwapo Jumapili moja. Mzee alivaa kofia yake ngumu, akaifunga ukanda, akaukagua ukanda wa kijana, kisha akapanda kiti cha nyuma, kile alichokitengeneza yeye kwa ajili ya wengine, akashika nondo kwa mikono miwili. Waliondoka kuelekea Utange. Walipofika penye kona ya kwanza pikipiki ilikoroma, ikaruka mbele, ikazimika. Katika Bantam gia iko mguu wa kulia na breki wa kushoto, kinyume cha pikipiki za siku hizi, na kijana alikuwa amekanyaga breki akidhani ni gia.

"Kulia!" Mzee alipiga kelele. "Kulia, baba! Hii ni nyanya yako, si Boxer!"

Kijana akashuka, akaikanyaga tena, ikawaka.