Je, Wajua? Enka, Goti na Uwanja wa Mbigiri

Ukitoka Dodoma mjini kwa barabara ya Kondoa na kuingia wilaya ya Chemba mwezi wa Mei, mvua zikishakatika, viwanja vya mpira utavijua kwa rangi yake. Ni udongo mwekundu uliokauka ukawa kama sakafu, wenye mashimo ya kwato za ng'ombe yaliyoganda tangu siku za tope, na mbigiri zimetambaa pembeni. Hapo ndipo timu za shule hujiandaa kwa mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA, na hapo ndipo soka la mchangani huchezwa jioni jua likipoa. Hospitali yenye bingwa wa mifupa iko mbali. Kwa hiyo anayemhudumia mchezaji katika saa ya kwanza huwa ni mwalimu wa michezo, nahodha wa timu, au mama aliyekuwa akipita na ndoo ya maji. Haya nimeyakusanya kwa ajili yao.

Je, wajua kwamba maji ya moto siku ya kwanza huongeza uvimbe? Nilikuwa darasa la sita mguu wangu ulipoingia kwenye shimo la kwato na enka ikateguka. Jioni nilikandwa kwa maji ya moto yenye chumvi, kisha nikapelekwa kwa babu mmoja mchuaji, mwenye mikono mizito na moyo mwema. "Vumilia, mjukuu wangu, inarudi mahali pake," akaniambia, nami nikavumilia. Asubuhi mguu ulikuwa umejaa kama kibuyu, na damu imevilia hadi vidoleni.

Babu hakuwa na nia mbaya, ila hakukuwa na kitu cha kurudisha mahali pake. Kifundo cha mguu, yaani enka, kikiteguka, kano zinazofunga mfupa kwa mfupa huvutika au huchanika, pamoja na mishipa midogo ya damu iliyo karibu nazo. Joto huipanua mishipa hiyo ikamwaga zaidi, na kuchua hupanua palipochanika. Siku mbili tatu za mwanzo ni za kupoza, kufunga kwa bendeji inayobana kiasi, na kulala mguu ukiwa juu ya mto, juu kuliko usawa wa moyo. Maji ya uvuguvugu na mikono ya babu vina siku zake, uvimbe ukishashuka.

Barafu itoke wapi kijijini kusiko na friji? Hewa kavu ya nyanda za kati ni friji tosha, na kila nyumba yenye mtungi inalijua jambo hilo. Maji ya mtungini hupoa kwa sababu yale yanayopenya kwenye udongo hukauka na kuondoka na joto. Lowesha khanga kwa maji ya mtungi, funga kifundo, mpepee majeruhi, lowesha tena ikikauka. Hutapata baridi ya barafu, lakini maumivu yatapungua. Aliyebahatika kupata barafu aizungushie kitambaa na asizidishe dakika 15 kwa mkupuo mmoja, kwa maana barafu tupu juu ya ngozi huunguza.

Katika suala hilihili la barafu, daktari Mmarekani Gabe Mirkin ndiye aliyeeneza ile kanuni ya mambo manne: pumzisha, weka barafu, bana, inua. Aliiandika mwaka 1978, na dunia nzima ikaishika. Mwaka 2014 Mirkin huyohuyo akaandika kwamba barafu ikizidi, na pumziko likizidi, kupona huchelewa, kwa sababu uvimbe ule ndio unaobeba chembe za kujenga upya palipoharibika. Namheshimu sana mtu anayerudi baada ya miaka 36 kusahihisha neno lililompa jina. Ushauri wa leo ni kutumia baridi kutuliza maumivu katika saa za mwanzo, kisha kuanza kuusogeza mguu mapema, kidogo kidogo, kwa kiasi maumivu yanachoruhusu. Kumlaza kijana mwezi mzima kwa enka iliyoteguka ni kumdhoofisha.

Je, wajua kwamba hatua nne zinaweza kukuokolea nauli ya kwenda Dodoma? Mwaka 1992 Ian Stiell na wenzake mjini Ottawa, Kanada, walichapisha kanuni rahisi ya kujua nani anahitaji kupigwa picha ya eksirei baada ya kuumia kifundo. Mwambie majeruhi atembee hatua nne, hata akichechemea. Kisha bonyeza kwa kidole ukingo wa nyuma wa ule mfupa wa kifundo, nje na ndani, kuanzia kwenye ncha yake kupanda juu kiasi cha sentimita 6. Bonyeza pia mfupa uliotokeza katikati ya ukingo wa nje wa wayo, upande wa kidole kidogo, na ule wa upande wa ndani mbele ya kifundo. Akishindwa hatua nne, tangu alipoumia hadi unapompima, au akiruka kwa maumivu unapobonyeza mfupa wenyewe, apelekwe kupigwa picha. Akiweza kutembea na mifupa ikawa haiumi kwa kubonyezwa, uwezekano wa kuvunjika ni mdogo mno. Kanuni hii isitumiwe kwa mtoto mdogo, kwa mlevi, wala kwa mtu aliyekufa ganzi miguu. Kwa mwalimu aliyeko Kwa Mtoro au Farkwa, sijui elimu nyingine ya dakika mbili yenye thamani kama hii.

Kiswahili chetu kinachangia mkanganyiko kidogo. Tunasema "ameteguka" kwa aliyevutika kano na kwa yule ambaye mfupa umechomoka kabisa kwenye kiungo chake. Tunasema "kano" kwa inayounga mfupa na mfupa na kwa inayounga msuli na mfupa, kama ile nene ya nyuma ya kisigino. Ukimpigia simu mganga wa zahanati, eleza unachokiona: kiungo kimepinda, hakikunjiki, kimevimba upande gani. Kiungo kilichochomoka kisivutwe uwanjani. Kifungwe banzi kilivyo na majeruhi asafirishwe.

Tukiwa kwenye banzi, plasta ngumu ya hospitali ni jasi, madini yaleyale yanayochimbwa Itigi, kwa jirani zetu wa Singida. Jasi ikichomwa hupoteza maji yake. Ikichanganywa tena na maji huganda kuwa jiwe. Daktari wa jeshi la Uholanzi, Antonius Mathijsen, ndiye aliyepata wazo la kuipaka unga wake kwenye bendeji, mwaka 1851. Iwe plasta au banzi za mafundi wa mifupa vijijini, hatari ni moja, kubana kupita kiasi. Vidole vikiwa baridi, vikibadilika rangi, vikifa ganzi, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, fungua usiku huohuo. Usisubiri asubuhi. Mguu ulionyimwa damu huweza kufa kwa saa chache.

Sasa nije kwa John Stephen Akhwari, kwa sababu hakuna Mtanzania aliyeumia michezoni akakumbukwa kama yeye. Ni mtu wa Mbulu, kule unakofika ukipita Kondoa na Babati. Tarehe 20 Oktoba 1968 alikimbia marathoni ya Olimpiki mjini Mexico City, mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Katikati ya mbio akaanguka kwenye msongamano, goti likaumia vibaya na bega likagonga lami. Walioanza walikuwa 75, na 18 kati yao hawakumaliza. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2:20:26. Akhwari aliingia uwanjani giza limeshaanza kushika, goti likiwa limefungwa bendeji, akimaliza wa 57, wa mwisho, kwa saa 3:25:27. Waliobaki uwanjani walimshangilia kama mshindi.

Nampenda Akhwari, na hadithi yake nimeisimulia mara nyingi kwa watoto. Lakini nimesikia pia ikitumiwa vibaya: msichana wa kidato cha pili goti limevimba, na mtu mzima anamwambia akaze roho kama Akhwari. Akhwari alikuwa mtu mzima, katika Olimpiki, na uamuzi wa kuendelea aliufanya mwenyewe. Msichana wa kidato cha pili ana mechi za miaka mingi mbele yake. Mtazame Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida: shaba ya marathoni ya dunia London mwaka 2017, kisha dhahabu Tokyo tarehe 15 Septemba 2025, kwa saa 2:09:48, akimpita Amanal Petros wa Ujerumani kwa sekunde 0.03 tu. Kati ya medali hizo mbili kuna miaka minane. Ninapomwona kijana akilazimishwa kucheza na jeraha ndipo naikumbuka miaka hiyo minane.

Na goti la msichana lina mambo yake. Katika michezo ya kuruka na kugeuka ghafla, wanawake huchanika kano ya katikati ya goti mara 2 hadi 8 zaidi ya wanaume wanaocheza mchezo uleule, na mara nyingi hakuna aliyewagusa. Netiboli ni mfano mzuri, kwa kuwa mchezaji akishadaka mpira sheria humtaka asitembee nao, kwa hiyo husimama kwa kishindo. Goti likiwa limenyooka, au likiingia ndani kuelekea lenzake, kano huchanika. Mfundishe kutua kwa kukunja magoti, goti likiwa juu ya vidole vya mguu. Na mfundishe kabla ya kumfundisha kufunga magoli.

Mazoezi hayo yamekwisha kupangwa. Yanaitwa 11+, yameandaliwa chini ya FIFA, huchukua dakika 20, na hayahitaji chochote ila mpira. Kwa wasichana 1,892 wa Norwei, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, majeraha yalipungua kwa takriban theluthi. Asije mtu akasema hayo ni ya Wazungu wenye viwanja vya nyasi: mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya vijana 416 wa ligi ya Lagos, Nijeria, na kwao majeraha yalipungua kwa asilimia 41. Zoezi mojawapo ni dawa ya yule winga anayeshika nyuma ya paja na kuchechemea nje. Piga magoti, mwenzako akushike vifundo kwa nyuma, kisha jishushe mbele polepole mwili ukiwa umenyooka, ukipingana na uzito wako hadi mikono iguse chini. Ni gumu, na siku inayofuata mapaja yatauma. Lakini timu zinazolifanya kila wiki hupunguza majeraha ya nyama za paja kwa karibu nusu. Kujinyoosha mkiwa mmesimama tuli, tulikozoea kabla ya mechi, hakufui dafu: wanajeshi wapya 1,538 wa Australia walipolinganishwa mwaka 2000, waliojinyoosha waliumia sawa tu na wasiojinyoosha.

Mtoto wa miaka 12 au 13 mwenye kinundu kigumu kinachouma chini ya goti hajalogwa, na mara nyingi hana uvimbe mbaya. Mfupa wake unakua upesi kuliko kano inayouvuta. Madaktari wawili, Osgood wa Marekani na Schlatter wa Uswisi, walilieleza jambo hilo mwaka mmoja, 1903, kila mtu kivyake. Apunguziwe kuruka na kukimbia kwa muda. Akikua, kwa kawaida maumivu huisha.

Mchubuko mdogo ndio ninaouogopa zaidi kwenye viwanja vyetu. Kijidudu cha pepopunda huishi kwenye udongo na kwenye kinyesi cha mifugo, na kiwanja kinacholishiwa ng'ombe asubuhi huchezewa peku jioni. Tundu la mbigiri linakitosha. Osha kidonda kwa maji mengi safi na sabuni, usipake majivu wala samadi, na uliza kuhusu chanjo. Wanawake huchanjwa tena wakiwa wajawazito, lakini kijana wa kiume mara nyingi chanjo yake ya mwisho ilikuwa ya utotoni.

Na huko kucheza peku? Mwaka 2010 Daniel Lieberman wa Harvard alionyesha kwamba wakimbiaji wa Bonde la Ufa la Kenya waliokulia peku hutua kwa sehemu ya mbele ya wayo, na kishindo kinachopanda mguuni hupungua. Miaka minne baadaye Wahadza wa Ziwa Eyasi, wenye lugha ya vidoko kama jirani zetu Wasandawe, walipopimwa wakikimbia, wanaume walitua kwa katikati ya wayo na wanawake wengi kwa kisigino. Hakuna mtindo mmoja wa asili. Kinachoumiza ni badiliko la ghafla, kama kumvisha njumu za kwanza maishani mtoto aliyekulia peku, siku mbili kabla ya mashindano ya wilaya.

Kuhusu maji, mchezaji anywe kwa kiu yake. Boston mwaka 2002, kati ya wakimbiaji 488 waliopimwa damu mwisho wa marathoni, asilimia 13 walikuwa na chumvi pungufu, hasa kwa kunywa kupita kiasi.

Kuhusu kichwa, mwenye kizunguzungu, anayesahau matokeo ya mechi au anayetapika baada ya kugongana, atolewe na asirudi siku hiyo hata akilia. Tangu Julai 2024 sheria za soka zinaruhusu mashindano kuweka nafasi ya ziada ya kubadilisha mchezaji kwa sababu hiyo.

Enka yangu iliteguka tena mara tatu kabla sijamaliza sekondari. Kano ikishavutika, mishipa ya fahamu inayomwambia ubongo mguu umekaaje huharibika pia, na mguu hukosea tena. Mwalimu mmoja ndiye aliyenipa tiba isiyo na gharama: kusimama kwa mguu ule mmoja kila asubuhi ninapopiga mswaki, kisha, baada ya wiki mbili, kusimama hivyohivyo nikiwa nimefumba macho. Siku ya kwanza nilianguka kwenye ndoo. Sijateguka tena tangu nilipoanza.