Hodi Mlangoni: Kumkaribisha Mgeni Bila Kununua Hasara

Katika vijiji na mitaa ya Mbeya na Iringa, mtu akipiga hodi hujibiwa "karibu" hata kabla uso wake haujaonekana. Akisalimia "Kamwene" kule Kilolo, au "Ugonile" kule Tukuyu, kigoda kinatolewa na maji ya kunywa yanaletwa. Ndivyo tulivyolelewa. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Hatuandiki makala hii ili kuiondoa desturi hiyo njema. Tunaandika kwa sababu katika ziara zetu kamati kadhaa za parokia zimetuuliza swali lile lile: Tuwashauri nini waumini kuhusu watu wanaofika majumbani bila kuitwa, wakiuza mbegu, mbolea, dawa, vyombo, laini za simu na hata mikopo?

Jibu letu kwa ufupi ni hili: mgeni mpe heshima yake papo hapo, lakini fedha yako isubiri hadi kesho. Yafuatayo ni maelezo ya jibu hilo.

MFANO TUNAOUFAHAMU

Tuchukue mfano ambao kamati nyingi zitautambua. Bibi anaishi na wajukuu watatu. Ni mwezi wa Novemba, mvua za kwanza zimenyesha. Vijana wawili wanafika kwa pikipiki wakiwa na mifuko miwili ya mbolea. Wanamwita kwa jina, kwa kuwa wamemuuliza mtoto wa jirani njiani. Wanasema wametumwa na wakala wa mjini, mzigo umebaki kidogo, na kesho bei inapanda. Bibi anatoa fedha aliyokuwa ameitunza kwa ajili ya sare na madaftari ya Januari.

Mwezi wa Februari mahindi yake ni ya njano, ya jirani ni ya kijani. Ndani ya mifuko ile mlikuwa na mchanganyiko usio na faida yoyote shambani. Hasara yake haiishii kwenye bei ya mifuko miwili. Msimu umepita na hauwezi kurudishwa, chakula cha mwaka kimepungua, na mjukuu mmoja anarudishwa nyumbani kwa kukosa mahitaji ya shule. Ndiyo maana jambo hili, linaloonekana dogo, linahusu kazi yetu ya maendeleo moja kwa moja.

KWA NINI WANAKUJA NYUMBANI?

Dukani mnunuzi analinganisha bei, anauliza wengine, na anajua pa kurudi akipata kitu kibovu. Nyumbani hana hayo yote. Aidha, ni vigumu kumkatalia mtu uliyemkaribisha kwa mkono wako mwenyewe. Tapeli anaijua aibu hiyo na anaitumia.

Tena wanaijua kalenda yetu. Baada ya mavuno, kati ya Juni na Septemba, fedha ya mahindi na viazi huwa imo ndani ya nyumba. Oktoba na Novemba kila mkulima anatafuta pembejeo. Januari kila mzazi anahangaika na mahitaji ya shule, na hapo ndipo wenye mikopo hubisha hodi. Nyakati hizi tatu zinahitaji uangalifu zaidi.

WENGI WAO NI WATU WAAMINIFU

Ni lazima tuseme wazi kwamba wachuuzi wengi wanaopita na ndoo, sufuria, mashuka au mitumba ni vijana wanaotafuta riziki kwa jasho. Wengine ni watoto wa parokia zetu wenyewe. Kununua ndoo uliyoishika, ukaipima kwa macho na ukailipia ukiiona, hakuna ubaya.

Mwaka 2018 serikali ilianza kutoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000. Si vibaya kuomba kitambulisho kwa upole. Lakini tukumbuke kuwa kitambulisho kinakuonyesha mtu ni nani. Hakithibitishi kwamba bidhaa yake ni nzuri.

HATUA SITA ZA KUFUATA

1. Pokea mgeni barazani au uani, mahali ambapo jirani anaweza kuwaona. Kumpa kigoda cha nje si kumdharau.

2. Muulize jina lake, anakotoka, na nani mwingine amemuuzia hapa kijijini. Mwaminifu atajibu bila kukasirika.

3. Usihesabu fedha mbele yake, wala usimtume mtoto chumbani kuichukua huku mgeni anatazama.

4. Usitoe simu yako, namba ya siri, namba ya kitambulisho cha taifa wala alama ya kidole kwa ajili ya "zawadi" au "usajili" wa mlangoni.

5. Kwa kitu chochote cha bei kubwa, sema: "Nashukuru, lakini hapa nyumbani hatununui siku ile ile. Pita kesho kutwa, nitakuwa nimeongea na wenzangu." Maneno haya hayana matusi, na hayahitaji maelezo zaidi.

6. Akisema ni leo tu, basi jibu ni hapana. Haraka haraka haina baraka. Bidhaa nzuri haiharibiki kwa kulala usiku mmoja.

Tumeona kwamba hatua ya tano ina nguvu zaidi pale ambapo familia nzima imekubaliana nayo mapema. Mama anayesema "huu ni utaratibu wa nyumba" haoni aibu kama anayekataa kwa niaba yake peke yake.

BIDHAA ZINAZOHITAJI TAHADHARI ZAIDI

Mbolea na mbegu. Tarehe 8 Agosti 2022, katika sherehe za Nane Nane zilizofanyika viwanja vya John Mwakangale hapa Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa ruzuku ya mbolea. Katika msimu wa 2022/23 mfuko wa DAP wa kilo 50 uliuzwa kwa shilingi 70,000 badala ya zaidi ya 130,000. Mpango huo ulikuwa msaada mkubwa kwa wakulima. Lakini pia, mkulima aliyezoea kusikia habari za bei ya ruzuku ni rahisi kumwamini mtu anayeleta bei nafuu mlangoni. Mbolea ya ruzuku imepangwa kutolewa kwa wakulima walioandikishwa, kupitia mawakala waliosajiliwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea (TFRA). Usimpe mpita njia namba yako ya usajili. Mbegu nazo zinunuliwe kwenye pakiti iliyofungwa yenye lebo ya taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu (TOSCI), wala si za kupimwa kwa kopo. Dai risiti, na tunza mfuko au pakiti hadi mavuno. Ukiwa na shaka, muone afisa ugani kabla ya kulipa.

Dawa za binadamu. Dawa za hospitali hununuliwa famasi au kwenye duka la dawa muhimu lililosajiliwa, wala si kwenye begi la mpita njia. Anayedai kuwa na dawa moja inayotibu kisukari, shinikizo la damu na vidonda vya tumbo kwa pamoja, huyo anauza maneno. Hatari kubwa zaidi ni pale mgonjwa anapoacha dawa zake za kila siku, zikiwemo za kufubaza virusi vya UKIMWI, kwa sababu ya ahadi ya mlangoni. Tunawasihi wahudumu wa wagonjwa majumbani walizungumze jambo hili katika kila nyumba wanayotembelea.

Mikopo na "kupanda" fedha. Mikopo inayoitwa kausha damu imepata jina lake kwa haki. Mtu anakuja na fedha mkononi, anakupa dakika kumi, na anaondoka na hati yako au kadi ya benki pamoja na namba ya siri. Tangu kupitishwa kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, biashara ya kukopesha inahitaji leseni. Muombe akuonyeshe leseni, na mkataba usomwe na mtu mwingine unayemwamini kabla hujatia sahihi. Kadi na namba ya siri usitoe kamwe. Vile vile tusisahau habari ya DECI, ambayo ilienea sana miongoni mwa waumini wa makanisa. Watu waliambiwa wapande fedha ili wavune zaidi, hadi serikali iliposimamisha shughuli zake mwaka 2009. Mbegu ya fedha iliyopandwa kwa jirani haioti. Anayelipwa leo analipwa kwa fedha ya atakayejiunga kesho, na wa mwisho hubaki mikono mitupu.

Laini za simu. Tangu Mei 2019 laini husajiliwa kwa alama za vidole. Wakala asiye mwaminifu anaweza kukuambia kidole "hakijasoma" na kukurudisha mara ya pili na ya tatu, kumbe anasajili laini nyingine kwa jina lako. Ni vyema kusajili kwenye ofisi ya mtandao husika. Kisha piga *106# uangalie ni namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako.

WANAOBAKI NYUMBANI PEKE YAO

Mchana, watu wazima wakiwa shambani, nyumba hubaki na wazee, watoto na wasichana wa kazi. Hao waambiwe sentensi moja tu ya kumjibu mgeni: "Wenye nyumba wapo jirani, rudi jioni." Wasifungue stoo, wasipokee mzigo wa "kuwekewa", na wasiseme baba anarudi lini. Mtoto asilaumiwe kwa kukataa kumfungulia mtu mzima. Ikiwa mgeni anagoma kuondoka au anatishia, wakimbilie kwa jirani, na polisi wapigiwe kwa namba 112, ambayo haina malipo.

TUSIMGEUZE MGENI KUWA ADUI

Kuna hatari nyingine ambayo hatuwezi kuinyamazia. Tarehe 1 Oktoba 2016, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma, watafiti wawili wa udongo na dereva wao, waliotoka Kituo cha Utafiti cha Selian cha Arusha, waliuawa na wananchi waliowadhania kuwa wanyonya damu. Walikuwa wakifanya kazi ya kuwasaidia wakulima.

Uvumi ukipanda, kengele ikigongwa na watu wakikusanyika na mawe, hakuna anayeuliza tena jina la mgeni. Kwa hiyo tunasema kwa msisitizo: mtu mwenye mashaka apelekwe kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji kwa amani, akiwa mzima. Kumpiga ni kosa la jinai na ni dhambi, hata kama kweli ameuza mbolea bandia.

IKIWA UMESHATAPELIWA

Usikae kimya kwa aibu. Anayetapeli nyumba moja asubuhi atakuwa nyumba ya tatu kabla ya saa nane. Andika siku, saa, jina alilotaja, namba ya simu na ya pikipiki kama uliziona. Tunza bidhaa yenyewe na mfuko wake. Toa taarifa kwa mtendaji na polisi. Kwa pembejeo, pia kwa afisa ugani. Kama fedha ilitumwa kwa simu, piga 100 mara moja kwa mtandao wako uombe muamala uzuiwe, maana kila dakika ina thamani. Namba inayotuma ujumbe wa kitapeli itumwe kwenda 15040. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza kumdanganya mnunuzi na inakataza biashara za piramidi, na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko.

KAZI YA KAMATI

Tunaziomba kamati zifanye mambo manne yasiyohitaji fedha nyingi. Kwanza, kila jumuiya ndogondogo ijadili makala hii mara moja kabla ya msimu wa kupanda. Pili, majina ya mawakala waliosajiliwa yaombwe ofisi ya kilimo ya kata na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo. Tatu, kila mzee anayeishi peke yake apangiwe jirani wa kumuuliza kabla ya kununua kitu kikubwa. Jirani huyo asiwe naye ni muuzaji. Nne, mtu yeyote asiruhusiwe kutangaza bidhaa au mkopo mara baada ya ibada bila kamati kumchunguza. Wengi hununua kwa kuwa wamesikia jina la kanisa, na jina hilo tumekabidhiwa tulitunze.

Kwa wafadhili wetu, tunawashukuru kwa kuendelea kuwa nasi. Mbegu, mbuzi na ada mnazochangia zinafika katika nyumba zile zile ambazo hodi inapigwa. Saa moja ya mazungumzo katika jumuiya inaweza kulinda msaada wa mwaka mzima.

Na kwa wasomaji wote: endeleeni kujibu "karibu". Kigoda kitolewe, maji yaletwe, mgeni apumzike. Mkoba wa fedha ubaki ndani hadi kesho.