Hesabu Sekunde Kabla ya Kuvuka Mlango

Asubuhi ile Jambiani hapakuwa na upepo. Minazi ilitulia, na simu yangu ilionyesha mawimbi ya mita 1.5. Tukasukuma ngalawa. Tulipofika kwenye mlango wa mwamba, maji ya bamvua yakipwa kwa kasi, wimbi likainuka mbele yetu kama ukuta na kutupindua. Wenzetu walituokoa sote.

Mjomba wangu hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Ulihesabu?"

"Kuhesabu nini, mjomba?"

"Nafasi kati ya wimbi na wimbi."

Utabiri ule wa kwenye simu ulikuwa na namba ya pili ambayo niliipuuza: sekunde 15. Hicho ndicho kipindi, yaani muda unaopita kati ya kilele kimoja cha wimbi na kinachofuata. Siku hizi, kijana akiniuliza habari za bahari, namba hiyo ndiyo ninayomwonyesha kwanza.

Mawimbi tuliyoyazoea wakati wa kusi huzaliwa na upepo wa karibu. Ni mafupi, ya sekunde 6 hadi 8, yenye vurugu, na hata mgeni huyaogopa. Yale ya sekunde 15 huzaliwa na dhoruba za mbali sana, kusini mwa Bahari ya Hindi. Husafiri siku kadhaa baada ya kuuacha upepo ulioyazaa, ndiyo maana huweza kutufikia siku ya shwari. Kundi la mawimbi hayo hukata takriban kilomita 1,000 kwa siku; la sekunde 8 hukata karibu nusu yake. Marefu hutangulia, mafupi hufuata.

Kanuni za kukadiria safari hiyo ziliwekwa na wanasayansi wa bahari Harald Sverdrup na Walter Munk, na zilitumika kutabiri mawimbi kabla ya majeshi kutua Normandy katika Vita vya Pili vya Dunia, Juni 1944. Mwaka 1963 Munk na wenzake waliyafuatilia mawimbi ya dhoruba za kusini mwa Bahari ya Pasifiki hadi Alaska. Leo kompyuta huanza na upepo uliopo juu ya bahari yote, kisha hukokotoa mawimbi yatafika wapi, lini na kwa nguvu gani.

Lakini kompyuta haiujui mlango wetu. Wimbi la sekunde 7 huanza kuhisi chini ya bahari kwenye kina cha mita 38 hivi. La sekunde 15 huanza mita 175. Likikaribia mwamba hupungua mwendo, hukusanya nguvu zake na kuinuka juu kuliko lilivyokuwa kilindini. Maji yanayopwa yakitoka mlangoni na kukutana nalo, wimbi husimama wima zaidi.

Tena, kimo kinachotangazwa ni wastani wa theluthi ya mawimbi yaliyo makubwa zaidi. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza mita 2, usishangae ukikutana na moja linalokaribia mita 4.

Basi soma kimo, kipindi na mwelekeo, kisha angalia saa za maji kujaa na kupwa. Ukifika karibu na mlango, simama nje ya mkondo na uhesabu. Mawimbi makubwa huja kwa makundi, na kundi la sekunde 15 huweza kujificha dakika nyingi kabla ya kujionyesha. Mjomba alikuwa akisubiri mpaka aone kundi zima likipita. Mimi pia sasa nasubiri.