Picha za Miti Katika Nyumba ya Kiislamu

Nyumba ya Mwislamu ina haki zake, na ukuta wa nyumba nao una haki yake. Kinachotundikwa ukutani hutazamwa asubuhi na jioni, na mtoto hukisoma kabla hajajua kusoma herufi. Kwa hiyo si jambo dogo tuonapo kuta za sebule nyingi zimejaa picha za wachezaji na waimbaji, ilhali kuta nyingine, kwa hofu ya kukosea, zimeachwa tupu kabisa, hata kijana wa nyumba hiyo akadhani kwamba dini yake haijui uzuri. Baina ya njia hizi mbili iko ya tatu, nayo ni ya zamani: picha za miti, milima, mito na bahari. Twapenda kueleza asili yake katika dini yetu, kisha namna ya kuzichagua, kuzinunua na kuzitunza picha hizo.

SHERIA YASEMAJE?

Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba mtu mmoja alimjia Ibn Abbas (R.A.) akamweleza kuwa riziki yake yatokana na kazi ya mikono yake, naye hutengeneza picha. Ibn Abbas akamsimulia aliyoyasikia kwa Mtume (S.A.W.) juu ya adhabu ya wenye kutengeneza sura za viumbe. Yule mtu akashtuka mno, uso wake ukageuka rangi. Hapo Ibn Abbas hakumwacha katika kiza. Alimwambia kwamba ikiwa hana budi ila kuifanya kazi hiyo, basi ashike miti na kila kisichokuwa na roho.

Tazameni hekima iliyomo humo. Fundi hakunyang'anywa ustadi wake wala riziki yake; aligeuziwa njia. Imamu Nawawi, katika sherehe yake ya Sahihi Muslim, ataja kuwa Mujahid ndiye aliyechukia kuchorwa mti wenye kuzaa matunda, na wanavyuoni wengine hawakuona ubaya wake.

Lakini ruhusa hiyo ina mpaka. Bukhari amepokea kwa Anas (R.A.) kwamba Bibi Aisha (R.A.) alikuwa na pazia lenye mapambo, na Mtume (S.A.W.) akamtaka aliondoe mbele yake, kwa kuwa picha zake zilikuwa zikimjia katika sala. Basi picha, ijapokuwa ni ya mti mtupu, isitundikwe upande wa kibla mahali ambapo watu wa nyumba husali.

MFANO WA WALIOTUTANGULIA

Waislamu wa kwanza waliifahamu ruhusa hii wakaitumia. Katika Kuba ya Mwamba, Baitul Maqdis, iliyokamilika mwaka 72 wa Hijra, yaani 691 au 692, ndani mwake mna miti na mimea iliyopangwa kwa vipande vidogo vya kioo cha rangi na dhahabu. Kisha Khalifa al-Walid bin Abdul-Malik akaujenga Msikiti Mkuu wa Damascus, uliomalizika karibu na mwaka 715. Kuta za ua wake zilipambwa kwa miti mirefu yenye vivuli, mto upitao chini yake, na majumba kando ya mto. Kipande kimoja kilichosalia kina urefu wa zaidi ya mita 30. Katika mandhari yote hayo hamna mtu hata mmoja, wala mnyama, wala ndege. Kwa muda mrefu sehemu kubwa ya mapambo hayo ilifichwa na lipu, mpaka ilipofunuliwa mwaka 1929, na ulimwengu ukastaajabu.

Wala pwani yetu haikubaki nyuma. Mafundi wa Lamu walichonga zidaka katika lipu ya nyumba za mawe, na waseremala wetu wakanakshi majani, maua na mitende juu ya milango. Mzee aliyeagiza mlango wa namna hiyo hakuona kwamba ameikiuka dini yake. Alitaka ageni wake wapokewe kwa kitu kizuri, bila ya sura ya kiumbe mwenye roho.

PICHA YA CHAPA NI NINI?

Si kila mtu awezaye kujengewa ukuta wa kioo na dhahabu. Hapo ndipo picha ya chapa ilipoleta faida yake, kwa maana fundi hufanya kazi moja, na nakala zake huingia katika nyumba nyingi.

Wajapani waliifikisha kazi hii mbali sana. Msanii huchora katika karatasi nyembamba. Mchongaji huibandika karatasi hiyo juu ya ubao mgumu, aghalabu wa mti wa cheri, akachonga mpaka mistari tu ikabaki imeinuka. Kila rangi hupewa ubao wake. Kisha mpiga chapa hupaka rangi, hulaza karatasi, na kuisugua mgongoni kwa mkono. Kwa njia hiyo Hokusai alitoa picha zake za mlima Fuji kuanzia karibu na mwaka 1830. Ziliitwa picha 36, lakini zilipopendwa akaongeza 10, zikawa 46.

Msomaji wetu atazame kwa makini hapa. Picha ya Hokusai iliyo mashuhuri kuliko zote, ile ya wimbi kubwa, ina mashua zilizobeba watu. Lakini iko nyingine katika mkusanyo huohuo, nayo ina mlima mwekundu, mawingu na msitu chini yake, basi. Vivyo hivyo kwa Shishkin, Mrusi aliyechora misonobari kwa ustadi mkubwa. Picha yake ya asubuhi msituni, ya mwaka 1889, ina dubu ndani yake, na dubu hao walichorwa na mwenziwe, Savitsky. Lakini Shishkin anazo nyingine nyingi zenye miti peke yake. Van Gogh naye, aliyekusanya chapa za Kijapani, alichora mwaka 1890 matawi ya mlozi yenye maua juu ya mbingu ya samawati, yawe zawadi kwa mtoto mchanga wa ndugu yake. Familia itakayo picha ya chumba cha mtoto haitapata kwa urahisi iliyo njema zaidi.

KUNUNUA KWA MACHO YALIYOFUMBUKA

Mwenye kukusanya na awe na lenzi ya kukuzia. Akiona katika picha vitone vidogo vilivyojipanga, ajue kuwa ni nakala ya kiwandani. Chapa ya ubao haina vitone hivyo; rangi yake huzama katika karatasi, na mara nyingi huonekana hata nyuma. Chapa ya bamba la shaba huacha alama ya ukingo wa bamba iliyodidimia katika karatasi. Wasanii wengi wa siku hizi hutia sahihi kwa penseli na nambari: 12/50 maana yake ni nakala ya kumi na mbili katika hamsini.

Nakala ya kiwandani si aibu. Aibu ni kuiuza kwa bei ya asili. Muuzaji Mwislamu hujua kwamba Mtume (S.A.W.) alimkana mwenye kughushi. Tena asiye na fedha hana sababu ya kukopa. Tangu mwaka 2017 jumba la Metropolitan la New York limeruhusu watu kuchukua bure katika intaneti picha za maelfu ya kazi za kale zisizo na haki ya mtu, na kuzichapisha watakavyo. Ama kazi ya msanii aliye hai, tusiichukue bila ya idhini yake, kwa kuwa ni jasho lake.

KUTUNDIKA NA KUTUNZA

Jua ni adui wa kwanza wa karatasi. Rangi za kale, hasa nyekundu na zambarau, hupauka upesi, na iliyopauka hairudi. Adui wa pili ni unyevu, nasi watu wa pwani twaujua ulivyo katika kuta za mawe. Basi picha isitundikwe mkabala wa dirisha wala katika ukuta unaotoa chumvi. Kati ya kioo na picha pawekwe ukingo wa karatasi nene isiyo na asidi, ili karatasi isishikane na kioo. Gundi na utepe wa kunata vikae mbali. Nyuma ya fremu pakaguliwe mara kwa mara kwa ajili ya mchwa na wadudu wengine.

Tena zisiwe nyingi. Mwenyezi Mungu ametukataza israfu katika Sura ya 7, aya ya 31, na ukuta uliojaa mno hautazamwi tena. Twawanasihi vijana wanunue picha moja kwa mwaka, walijue jina la mti uliomo, wapi huota, na una manufaa gani. Mama akiulizwa na mwanawe ni nani aliyeupa mti huo rangi yake, somo la tauhidi limekwisha kuanza, wala hapakuhitajiwa ubao wala chaki.

Lakini tusisahau kwamba mti wa karatasi hauna kivuli wala tunda. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa Mwislamu apandaye mti, akala humo mtu, mnyama au ndege, huandikiwa sadaka. Basi kila nyumba itakayotundika picha ya mti ndani, na ipande mti mmoja nje, upate kivuli chake jirani na mpita njia. Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.