Maji ya Kufulia: Usiyaweke Siku Mbili

Je, wewe pia una pipa pembeni mwa choo ambamo humimina maji ya kusuuza nguo, yakusaidie siku mfereji ukikauka? Ikiwa unaishi Nairobi, ambako mitaa mingi hupata maji kwa zamu, huna haja ya kuona haya. Choo cha kawaida hula lita 6 hadi 9 kila kikivutwa, na vile vya zamani huzidi hapo. Kutumia maji safi uliyonunua kwa mtungi ni hasara tupu.

Shida huanza maji hayo yanapolala humo siku mbili, tatu. Maji ya kufulia na kuogea hubeba jasho, mafuta ya mwili, uchafu wa ngozi na viini vya maradhi. Viini hivyo hula uchafu huo na kumaliza hewa iliyomo majini. Ndipo wale wasiohitaji hewa huchukua nafasi, nao ndio waletao ule uvundo wa yai viza na utando mweusi unaoteleza ukutani mwa pipa. Kwa hivyo yatumie maji hayo katika muda wa saa 24. Yakibaki, yamwage yote chooni.

Maji ya kuosha vyombo yasiingie kabisa, kwani mafuta ya chakula ndiyo huoza upesi. Ya kufulia nepi yaende chooni moja kwa moja.

Usisahau mbu. Culex, yule anayekulilia sikioni usiku, hupenda maji machafu, na huko Pwani hueneza matende. Mwenzake Aedes, anayeeneza homa ya dengi iliyozuka Mombasa mwaka 2013, hupenda vyombo vya maji vya nyumbani. Huyu hutaga mayai ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, nayo huweza kukaa pakavu miezi kadhaa bila kufa. Ndiyo sababu kumwaga maji pekee hakutoshi. Kila wiki lipindue pipa, ulisugue kuta kwa brashi na sabuni, ulisuuze, kisha ulianike juani. Kutoka yai hadi mbu arukaye huchukua kama siku 7 hadi 10, kwa hivyo ukikosa wiki moja tu umechelewa.

Wengine hutia Jik wakidhani wamemaliza kazi. Uchafu huimaliza nguvu upesi, na uvundo hurudi. Tena, ukiichanganya na dawa ya choo yenye asidi hutoka hewa ya sumu inayochoma mapafu, na bafu zetu nyingi ni finyu zisizo na dirisha la maana.

Kopo la kuchotea liwe la rangi yake, lisije likatumiwa kusukutua. Unapomwaga chooni, inama uyamimine karibu ili yasiruke, kisha nawa mikono kwa sabuni.

Jambo linalonitia hofu zaidi ni mtoto. Anayejifunza kutembea ana kichwa kizito ukikilinganisha na kiwiliwili chake. Akichungulia ndoo hupinduka, na sentimita chache za maji zinatosha kumzamisha. Hatapiga kelele. Nunua pipa lenye kifuniko cha kufunga kwa kuzungusha, na komeo la mlango wa choo liwekwe juu, asikofika.